Barua kwa Dada Aliyekabidhiwa Uchaguzi wa Chama

Malaba, Uganda

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Sisi tu wazima, watoto wamerudi shule, na malori bado yanalala barabarani yakisubiri kuvuka kama ulivyoyaacha. Habari za kuchaguliwa kwako kuwa mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi wa tawi lenu la chama cha wafanyakazi zimenifurahisha sana. Ni kazi isiyo na posho ya maana na yenye lawama nyingi, ndiyo maana wengi huikimbia. Nashukuru kwamba wenzako huko Jinja wameona nilichokiona mimi tangu zamani: wewe hununuliki.

Uliniuliza kwenye simu uanze na lipi, sanduku la kura au karatasi za kura. Dada, anza nyuma zaidi ya hapo. Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi mara nyingi huharibika siku nyingi kabla ya kura, wakati mgombea mmoja ana ufunguo wa ofisi, rejista ya wanachama, pikipiki ya chama na simu ya chama, na mwenzake ana miguu yake tu. Siku yenyewe mnahesabu vizuri, kila mtu anaona, mnatangaza, na bado haki haijatendeka.

Nikupe mfano wa tawi moja la huku nililokuwa mwanachama wake. Tangazo la uchaguzi lilibandikwa Ijumaa jioni kwenye mlango wa ofisi, mahali ambapo watu wa zamu ya usiku hawapiti kabisa. Katibu, aliyekuwa anatetea kiti chake, ndiye aliyeshika orodha ya namba za simu za wanachama. Kila mmoja wetu alipata ujumbe wa kumwombea kura, umetumwa kwa simu inayolipiwa na chama. Mpinzani wake, mama mmoja wa ghalani, aliomba orodha hiyo akaambiwa ni siri ya chama. Basi akawa anasimama getini alfajiri zamu zikipishana, anasalimia watu mmoja mmoja, huku pikipiki ya chama ikimpita na fulana za mwenzake zimefungwa nyuma kwa mpira. Petroli ile ilitoka kwenye makato yetu ya kila mwezi, yakiwemo makato yake yeye. Alikuwa anachangia kushindwa kwake mwenyewe. Liliniuma jambo lile, na linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kanuni yenu ya kwanza iwe juu ya mali ya chama, na muiandike kabla majina ya wagombea hayajaletwa. Majina yakishajulikana, kila kanuni itasemwa kwamba imetungwa ili kumkomoa fulani. Wamarekani waliliweka hili kwenye sheria yao ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1959: fedha za chama, na fedha za mwajiri vilevile, hazitumiki kumpigia debe mgombea. Chama kinaweza kulipia tangazo la uchaguzi na gharama za kuuendesha, basi. Sheria hiyohiyo inakataza chama kumpendelea au kumbagua mgombea yeyote katika kutumia orodha ya wanachama.

Na usidhani kanuni kama hiyo inawahusu viongozi wabaya peke yao. Chama cha madereva wa malori cha huko, Teamsters, kilikuwa kinafanya uchaguzi wake chini ya usimamizi uliowekwa na mahakama, kwa sababu ya ufisadi wa miaka mingi. Mwaka 1991 wanachama walipiga kura ya moja kwa moja kumchagua rais wao kwa mara ya kwanza, wakamchagua Ron Carey, mtu wa mageuzi. Mwaka 1996 akashinda tena, kwa tofauti ndogo, dhidi ya James P. Hoffa. Agosti 1997 aliongoza mgomo wa wafanyakazi wapatao 185,000 wa kampuni ya vifurushi ya UPS, na wafanyakazi wakashinda. Mgomo ulikuwa na siku chache tu tangu uishe, msimamizi wa uchaguzi akaufuta ushindi wa 1996, maana ilionekana fedha za chama zilizungushwa huku na huku hadi zikaingia kwenye kampeni yake. Carey akazuiwa kugombea tena, na mwaka 1998 Hoffa akakichukua kiti. Baadaye, mwaka 2001, Carey alishtakiwa kwamba alidanganya kuhusu fedha hizo, na mahakama ikamwona hana hatia. Lakini kiti kilikuwa kimekwenda zamani. Mimi naipenda kazi aliyoifanya kwenye mgomo ule, na bado nasema kuufuta uchaguzi ule kulikuwa sawa. Utakutana na mgombea unayemheshimu, mwenye rekodi nzuri, anayekuomba umwachie gari la chama kwa siku moja tu. Mkatalie kama unavyomkatalia mwingine.

Kuhusu namba za simu, msimgawie mtu yeyote. Wanachama nao wana haki ya kutosumbuliwa usiku. Kila mgombea alete ujumbe wake kwa kamati, urefu uleule, na kamati iutume kwa wanachama wote siku moja na saa moja. Ni kazi ya nusu siku.

Halafu kuna kikundi cha WhatsApp cha tawi. Najua mwenyekiti wenu wa sasa ndiye anayekiendesha. Ukiona ghafla wanachama hawawezi kuandika ila yeye, au watu wa upande wa pili wanaondolewa kimya kimya, jua kampeni imeanza bila nyinyi. Kamati ikichukue kikundi hicho tangu siku ya uteuzi hadi matokeo yatangazwe: ama wagombea wote wanaandika, ama hakuna anayeandika. Mambo haya si mageni. Mwaka 1969 Jock Yablonski aligombea urais wa chama cha wachimba makaa ya mawe cha Marekani dhidi ya Tony Boyle, na gazeti la chama likawa la kumsifu Boyle. Yablonski alikwenda mahakamani kulilalamikia. Alishindwa uchaguzi, na usiku wa mwisho wa mwaka huo akauawa nyumbani kwake pamoja na mke na binti yake. Mwaka 1972 mahakama ilifuta uchaguzi ule, na matumizi ya gazeti yalikuwa miongoni mwa sababu. Boyle alikuja kutiwa hatiani kwa mauaji hayo mwaka 1974.

Lakini jihadhari na kanuni moja utakayoletewa na wakubwa, ile ya kukataza "kuwachafua viongozi". Inasikika nzuri. Matusi na ukabila vikatazwe, tena kwa ukali, maana kiwandani kwenu kuna Msoga, Mganda, Mlugbara, Mteso na Mwacholi kwenye mashine moja, na mgombea akianza kuhesabu makabila mtashindwa hata kugoma pamoja. Ila kumuuliza mweka hazina fedha za mazishi zilikwenda wapi si matusi. Ndiyo kampeni yenyewe. Kamati isishike kalamu nyekundu kusahihisha kile mgombea anachosema kuhusu kazi ya aliyeko madarakani.

Mwajiri naye muwekee mpaka. Sheria yetu ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 2006 inamkataza kuingilia uendeshaji wa chama, na Uganda iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2005, unaowapa wafanyakazi haki ya kuchagua wawakilishi wao kwa uhuru. Mwandikieni barua mapema: msimamizi wa zamu asisimame karibu na kituo cha kura, na ruhusa ya dakika chache za kuzungumza na wafanyakazi wakati wa mapumziko, akimpa mmoja, awape wote.

Nimesikia wapo wanaotaka mpige kura kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake, kama tulivyofanya kwenye uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwaka 2018. Wanasema ni nafuu na haina wizi. Mtaani labda. Kiwandani kuna dirisha la ofisi, na nyuma ya dirisha kuna mtu anayeamua nani aitwe kazini wiki ijayo. Kibarua hatasimama anapotaka. Chapeni karatasi, hata za kurudufu, zisizo na namba inayoweza kuoanishwa na jina la mtu, na kila mgombea awe na wakala wake pale sanduku lilipo.

Sukari, sabuni na bahasha za "nauli" utavikuta tu. Usisahau kwamba vyeo vya chama ni ngazi: wafanyakazi wana wabunge 5 Bungeni, na wanaowachagua ni wajumbe wa vyama. Ndiyo maana mtu anatumia pesa nyingi kutafuta uenyekiti wa tawi usio na mshahara. Wekeni wazi kwamba mgombea akithibitika amegawa vitu, jina linaondolewa, na semeni ni nani anayesikiliza malalamiko, ndani ya siku ngapi, na rufaa inakwenda wapi. Na yeyote kwenye kamati mwenye ndugu anayegombea, ajitoe.

Nitumie rasimu ya kanuni kabla hamjaibandika, hata ikiwa picha tu ya daftari. Ikipatikana pia kwa Kiswahili na Kiganda, bora zaidi, na nakala moja iende kantini kwa ajili ya watu wa usiku. Mkipanga siku ya wagombea wote kuhojiwa mbele ya wanachama, niambie wiki moja kabla niombe ruhusa, nije na basi la asubuhi. Nataka kusikia watakavyojibu juu ya makato.

Wasalimie mama na watoto.

Ni mimi dada yako,
wa Malaba