Pua iliyokauka kwa baridi isitibiwe kama mafua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumze na wazazi ambao watoto wao wanakwenda kusoma au kufanya kazi Kanada na kaskazini mwa Marekani. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini St. Paul, jimbo la Minnesota. Kila inapofika Novemba, wenzetu waliofika karibuni kutoka Afrika Mashariki huanza kunijia na malalamiko yaleyale: pua inawasha na kuuma, ndani kumefanya magamba magumu, na asubuhi mtu akipenga kamasi, leso hutoka na michirizi ya damu. Wengi huamini kwamba wamepata mafua yasiyopona, baadhi huingiwa na hofu ya shinikizo la damu au ugonjwa mkubwa zaidi, na karibu wote wamekwisha kupiga simu nyumbani wakaambiwa wajifukize, wapake dawa ya kuchua puani, au wanunue matone ya kuzibua pua. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, nami sina shaka na mapenzi hayo, lakini ni ushauri wa mafua, na pua hizo hazina mafua. Zimekauka.

Chanzo chake ni hewa. Usiku wa Januari katika Minnesota mara nyingi hufika nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, baridi ambayo mtu akivuta pumzi huhisi vinyweleo vya puani vikigandana na kuwa vigumu, na mita moja ya ujazo ya hewa ya namna hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja na nusu hivi ya mvuke wa maji. Hewa hiyo ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 22 huwa na uwezo wa kubeba gramu 19, lakini maji iliyo nayo ni yaleyale machache iliyoingia nayo, kwa hiyo unyevu wake hushuka chini ya asilimia 10, na hata ikichanganyika na mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za watu, chumba huweza kubaki na asilimia 20 au pungufu. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa amezoea hewa yenye karibu gramu 20 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya chumba chenye hita hufyonza unyevu wa mwili wake kama jua la saa saba linavyokausha nguo kambani, na mtu huyatambua mambo hayo bila kipimo chochote, kwani midomo hupasuka, ngozi hupauka, na akitembea juu ya zulia kisha akagusa kitasa cha mlango hupigwa shoti.

Kazi ya pua ni kuipasha moto na kuilowesha hewa hiyo kabla haijafika mapafuni, na maji ya kazi hiyo hutoka katika utando wake wenyewe. Utando ukikauka, kamasi hunata na kuwa magamba, na vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni hushindwa kufanya kazi yake. Sehemu inayoumia zaidi ni ya mbele, kwenye ukuta unaogawa matundu mawili ya pua, mahali ambapo mishipa midogo ya damu imekaa juujuu kabisa. Ukucha mmoja ukibandua gamba hapo, damu hutoka.

Matone ya kuzibua pua ndiyo yanayonisikitisha kuliko yote. Dawa hizo, zenye oksimetazolini au zailometazolini, hufanya kazi kwa kubana mishipa ya damu ili uvimbe upungue, nazo zina mahali pake mtu anapozibwa pua na mafua makali kwa siku mbili au tatu. Lakini pua iliyokauka huhisi kuziba kwa sababu ya magamba na mwasho, na mtu anapozitumia kwa zaidi ya siku hizo chache, mishipa huvimba upya kila dawa inapoisha nguvu, naye hulazimika kurudia tena na tena, hadi anafika mahali ambapo hawezi kulala bila kichupa mkononi. Nimewaona vijana wa vyuo waliofikia hali hiyo kabla theluji haijayeyuka, na kuwatoa humo huchukua majuma ya taabu. Vidonge vya mzio, ambavyo baadhi huvinywa wakidhani vumbi ndilo linalowasumbua, navyo vyaweza kuikausha pua zaidi.

Dawa za kuchua zenye mentholi na kafuri humpa mtu hisia ya ubaridi inayomfanya aone amefunguka, ilhali njia ya hewa imebaki vilevile, na zikipakwa ndani ya pua iliyochubuka huongeza mwasho. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe kabisa. Mvuke wenyewe ni mzuri, ila kuinamia sufuria la maji yanayochemka ukiwa umejifunika blanketi kumewaunguza watu wengi, hasa watoto. Kukaa bafuni dakika chache baada ya kuoga maji moto kunatosha.

Kinachoisaidia pua hii ni maji ya chumvi. Famasi za huku huuza vichupa vya kupuliza bila cheti cha daktari, na mtu anaweza kupuliza mara kadhaa kwa siku, majira yote ya baridi, bila hofu ya kuzoea. Anayetaka kutengeneza mwenyewe apime gramu 9 za chumvi, yaani karibu kijiko kimoja na nusu cha chai, katika lita moja ya maji, kwa sababu maji matupu huchoma utando uliochubuka. Hapo kwenye maji ndipo ninapoomba umakini mkubwa. Maji ya kuoshea pua lazima yawe yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, yale yanayouzwa madukani yakiwa yameandikwa "distilled", au yaliyochemka kwa dakika moja kamili kisha yakaachwa yapoe. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Naegleria fowleri, ambayo ikimezwa haidhuru, lakini ikipanda puani huweza kufika kwenye ubongo. Ni tukio la nadra sana, lakini kinga yake ni birika na dakika moja. Waislamu wenzangu wataniuliza kuhusu udhu, nalo ni swali la haki, kwani mjini Karachi madaktari wamehusisha baadhi ya vifo vya ugonjwa huo na maji ya kutawadhia. Jibu langu ni kwamba mtu apandishe maji puani kwa wepesi, kama anavyofanya akiwa amefunga, na kama ana shaka na maji yenyewe ayachemshe.

Baada ya maji ya chumvi, mafuta kidogo sana ya mgando, kiasi cha kuteleza tu, hupakwa kwa ncha ya kidole mwanzoni mwa matundu ya pua. Yasisukumwe ndani wala kupakwa mengi wakati wa kulala, maana mafuta yakivutwa mapafuni kwa muda mrefu huleta madhara. Jeli ya pua iliyotengenezwa kwa maji ni salama zaidi. Nje, skafu iliyofunika pua hurudisha unyevu wa pumzi, na ni dawa isiyo na gharama.

Chumba nacho kinahitaji maji. Mashine ya kuongeza unyevu iwekwe ili unyevu ukae kati ya asilimia 30 na 50, karibu zaidi na 30 baridi inapozidi, maana madirisha yakianza kutoa jasho, ukungu wa kuta haupo mbali. Ioshwe mara kwa mara, vinginevyo hupuliza vijidudu. Mwanafunzi asiye na fedha za mashine aanike nguo zake alizofua chumbani na apunguze hita usiku.

Damu ikitoka, mtu akae kitako, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 15 bila kuachia ili kuchungulia, na apumue kwa mdomo. Kuinua kichwa nyuma, kama tulivyofundishwa wengi wetu tukiwa wadogo, huipeleka damu kooni na kuleta kichefuchefu, na kumwagiwa maji kichwani hakuizuii. Ikiwa amebana mara mbili na bado inatoka, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hospitali.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa afya uyachapishe mambo haya mwezi Julai, kabla vijana wa masomo hawajaanza kusafiri, na mawakala wanaowaandaa wayaeleze pamoja na habari za makoti na viatu vya theluji. Mzazi atakayepigiwa simu Desemba na kuambiwa kuna damu puani aulize kwanza kama kuna homa, mwili kuuma au mafua yanayochuruzika. Akijibiwa kwamba hakuna, aulize chumba kinapashwa moto kwa kiasi gani, na kama mtoto amekwisha kununua maji ya chumvi.

Msomaji wako,
St. Paul, Minnesota, Marekani