Barua ya wazi: Mheshimiwa, ile boti imefika wapi?

Mheshimiwa, asalaam alaykum. Mimi mkulima wa mwani huku mashariki ya Unguja, anayenichapia hii ni mwanangu maana simu yangu kitochi. Najua una kazi nyingi, sikuchoshi.

Unakumbuka ulivokuja? Tulikupikia pweza wa nazi, tukakuimbia, ukapigwa picha umeshika mwani ukasema hii ndo kotonii, ule mwani wa bei nzuri (ilikuwa spinozamu, ule wa bei ndogo, tuliona haya kukusahihisha). Ukasema wamama tokeni kwenye maji ya magotini, joto linaua kotonii, nendeni kwenye kina, tutawapa vyelezo vya kuelea vya kufungia mwani na boti na majaketi na mtu wa kuwafundisha kuogelea. Vyelezo vilikuja, hatukatai. Boti ndo ipo njiani mpaka leo, labda inakuja kwa miguu.

Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 watu walisubiri maji yatoke wakaingia kwa miguu, vigingi, kamba, tai tai (vikamba vya kufungia mwani), basi. Skuizi maji ya moto, kotonii inageuka nyeupe inakatika yenyewe, wengine wanasema maji machafu ya mahoteli, mi naona jua tu, Mungu ndo ajuae. Imebaki spinozamu ambayo bei yake ukimtajia mtu anacheka, na kilo moja kavu ni kama saba mbichi, zote zinapita mgongoni kwangu.

Sasa juma lililopita upepo wa kusi umevuma, chelezo kimekatika nanga, tukaazima ngalawa ya jirani tukifate. Wanawake wanne, anayejua kuogelea hakuna. Ikapinduka. Bahati wavuvi wa madema walikuwa karibu, mwenzetu mmoja kanywa maji mpaka leo anakohoa. Chelezo hatujakiona, kimeondoka na mwani wa siku arubaini, bado siku tano tu tuvune. Nshakopa dukani kwa mwani ule.

Nimeenda ofisini naambiwa niandike maombi. Nimeandika mara tatu. Wakaniuliza kikundi kimesajiliwa? Cheti si ulitukabidhi wewe mbele ya kamera Mheshimiwa?

Semina hatutaki tena, tisheti zipo za kutosha. Boti. Hata kuukuu, hata haina mashine tutapiga kasia. Na majaketi, hata manne. Ikishindikana majaketi basi boti tu, maana kusi halijaisha na wenzangu wanasema kesho wanarudi kukitafuta kile chelezo, kwa ngalawa ileile.