Tarumbeta linakuja na basi la asubuhi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua kila mvua inapojikusanya, lakini sokoni hakosi. Ile sauti uliyonitumia, ya kutaka ushauri wa kuwafundisha watoto wako wa Bagamoyo jazi kwa maigizo, nimeisikiliza mara tatu. Mara ya pili alikuwa kaketi pembeni yangu anakuna nazi, akaacha kukuna kwa kucheka ulipomwiga yule mtoto: "Mwalimu, jazi si ile ya wazee?"

Usimkasirikie, kasema kweli yake. Kwa mtoto wa pwani hii jazi ni jina la bendi. Mimi mwenyewe nimekua na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, zote za hapahapa Tanga, na sikuwahi kuuliza lile neno limetoka wapi. Walipiga rumba na chacha, mambo ya Kongo na Kuba, si muziki wa New Orleans, kule Marekani ilikozaliwa jazi yenyewe. Neno lilikuwa kama koti la mtumba, likikukaa vizuri huulizi la nani. Basi mwanzie hapo alipo. Mtume akamuulize babu yake alikuwa akicheza nini ujanani. Akirudi kesho na jibu, kakuletea hadithi nawe hujafungua hata daftari.

Umesema una watoto ishirini na tatu, kinanda kimoja chenye funguo nne zilizokufa, na miezi miwili kabla ya onyesho. Unataka nikuambie uanze na noti au uanze na historia. Mimi nasema anza na mkokoteni.

Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, alizaliwa New Orleans mwaka 1901, katika ufukara ambao watoto wako hawahitaji kuelezwa. Akiwa mdogo alifanya kazi kwa familia moja ya Kiyahudi, akina Karnofsky, waliozunguka mitaani na mkokoteni wakinunua vitu chakavu na kuuza makaa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupuliza kipembe cha bati ili watu watoke majumbani. Sasa niambie, nani hapo Bagamoyo hajui wanunuzi wa vyuma chakavu? Mweke mtoto mmoja asukume, mmoja apulize kwa mdomo mtupu, wengine wajibu kutoka madirishani: sufuria bovu ninalo, leo sina, njoo kesho. Wape wimbo mfupi wa pembe, na kila dirisha lijibu lipendavyo, mradi lisipitwe na mapigo.

Halafu usiku wa tarehe 31 Desemba 1912, ana miaka kumi na mmoja, anafyatua bastola hewani kushangilia mwaka mpya. Polisi wanamkamata. Anapelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia watoto, na huko kuna bendi. Hawakumpa koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta, siku ya kwanza. Alianza na tari. Hapo nyamaza kidogo, waache waliokulia kwenye maulidi waangaliane.

Jambo moja nakuomba uwe nalo makini, kwa sababu Bagamoyo ina majeraha yake na watu wa maigizo mnapenda kuunganisha kila kitu. Watumwa waliopita hapo walivushwa kwenda Unguja na kwingineko Bahari ya Hindi. Wale waliokuwa wakipiga ngoma Jumapili pale uwanja wa Congo Square, New Orleans, walitoka Afrika ya Magharibi na pande za Kongo. Usiwaambie watoto kwamba bibi zao waliondoka na jahazi la Bagamoyo wakaenda kuanzisha jazi. Itapigiwa makofi, lakini ni uongo. Ukitaka undugu, chukua ule wa kweli: beni. Huku kwetu watu walisikia matarumbeta ya kijeshi ya wakoloni, wakayageuza ngoma ya mtaani, na hapa Tanga vikundi viwili vya beni, Marini na Arinoti, wakashindana kwa sare na gwaride. Kule New Orleans nako matarumbeta ya aina hiyohiyo yaliingia mitaani, yakazika watu na kuozesha watu. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kachukua chombo cha askari akakifundisha kucheza.

Kuhusu yale mapigo yanayobembea, ambayo umesema wanayapiga kama gwaride la Mwenge: usiwaeleze kwa hesabu. Waambie kila mtu avue ndala moja. Mguu wenye ndala unakaa chini kidogo zaidi, mguu mtupu unagusa na kuondoka. Taaa-ta, taaa-ta. Wazungushe uwanja mzima hivyo hadi wachoke kucheka. Kisha wapige makofi kwenye pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Hili litakutesa wiki nzima. Mimi lilinitesa mwaka.

Bluzi, mzazi mmojawapo wa jazi, ndiyo rahisi kuliko unavyodhani, kwa watoto waliokariri ngonjera shuleni. Ubeti una mistari mitatu: unasema, unarudia ulilosema, kisha unajibu. Nimekutungia mmoja jana usiku umeme ulipokatika:

Nimeshuka pwani mapema, maji yamejaa,
nimeshuka pwani mapema, maji yamejaa,
ngalawa haina tanga, na nyumbani kuna njaa.

Ubeti mzima ni vipimo kumi na viwili, kila kipimo mapigo manne, na vipimo vinne kwa kila mstari. Lakini angalia, maneno hayajazi vipimo vyote vinne. Yanaishia njiani, na mbele yake panabaki pengo. Muimbaji ananyamaza, chombo kinasema. Ni paukwa na pakawa tu, ila hii pakawa haijaandikwa popote, kila mtoto aje na yake. Hakuna chombo? Kuna mdomo. Mafundi wa ngoma wote niliowajua walifundisha kwa mdomo kabla ya kumpa mtu kijiti, na Armstrong mwenyewe mwaka 1926 alirekodi sauti zisizo maneno, watu wakazinunua.

Nimeandika "pengo" nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji.

Unakumbuka yale mazoezi yetu ya tarumbeta ya kila Alhamisi barazani? Ulikuwa na miaka tisa. Nilikupa kipande cha chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, nilichokuwa nikipiga kwenye bendi yetu ya harusini, ukakipiga vizuri, kisha mwishoni ukaongeza noti tatu zako. Zilipanda juu kama mtu anayeuliza swali. Nikagonga meza kwa rula. Nikasema, "Piga nilichokufundisha." Ukarudia bila zile tatu. Ukarudia tena Alhamisi iliyofuata, na baada ya Ramadhani ukasema midomo inakuuma, na mimi nikajifanya nimeamini. Mama yako hakuamini. Miaka yote hii kila nikizipiga zile noti tatu peke yangu anatoka jikoni ananitazama, halafu anarudi.

Sikuwa mkali kwa ubaya. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na bendi ya harusi ikikosea bibi harusi analalamika. Lakini ulikuwa umeingia pengoni mwenyewe, bila kuonyeshwa na mtu, na mimi ndiye niliyekutoa.

Kwa hiyo katika onyesho lako kuna tukio moja ningependa ulipe muda mrefu, hata kama itabidi upunguze polisi na bastola. Mwaka 1934 pale ukumbi wa Apollo, New York, Ella Fitzgerald, aliyekuja kuwa muimbaji mkubwa wa jazi, akiwa na miaka kumi na saba aliingia kwenye shindano la wasio na jina. Alikusudia kucheza dansi. Wakamtangulia madada wawili waliocheza vizuri mno, akaogopa, na jukwaani kasimama tayari. Akaimba. Nafasi hiyo ya Ella mpe yule msichana uliyesema haongei. Usimwandikie cha kusema. Asimame tu, wengine wazomee kidogo, kisha wakae kimya, na ukimya uwe mrefu kiasi cha kukutia hofu. Wewe kaa nyuma ya pazia na mikono yako uishike. Asipotoa kitu siku hiyo, kesho msimamishe tena.

Tarumbeta langu nimelifungasha kwenye boksi la madaftari, nikalizungushia kanga ya mama yako. Kitufe cha kati kinanata asubuhi, kitikise kabla hujakilaumu. Tia mafuta ya cherehani, matone mawili, na mtoto yeyote akileta ya nazi mfukuze. Nimempa utingo wa basi la saa kumi na mbili linalopita Msata, hapo Bagamoyo atafika kabla ya adhuhuri, nimemlipa, usimlipe tena. Ndani ya kengele nimeweka karatasi. Ni zile noti tatu, nimeziandika kama nizikumbukavyo. Kama nimekosea ya mwisho, ipige ilivyokuwa, unirekodie unitumie.

Baba yako