Kamisheni ya winga isiishie kwenye pointi za aplaini

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna ushauri unazunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye zile semina za jioni, na sioni mtu anaupigia hesabu. Ushauri uko hivi: kama unataka kuingia kwenye biashara ya mtandao, hizi za kuuza virutubisho na vipodozi huku unaunga watu chini yako, na huna mtaji, basi anza kutangaza bidhaa za watu wengine kwa linki, mtu akinunua kupitia linki yako unapata kamisheni, alafu hiyo kamisheni ndo ikununulie pointi zako za mwezi, yaani bidhaa unazotakiwa kununua ili ustahili bonasi, na kulipia matangazo ya kutafuta watu wa kuunga. Wanasema hutoi hata senti mfukoni mwako.

Nitende haki kwanza. Ushauri huu ni afadhali mara mia kuliko ule wa zamani wa kuambiwa kopa, uza simu, omba mjomba. Wapo wadogo zetu wa vyuo walioweka bumu lote kwenye paketi ya kuanzia, na wapo kina mama walioenda kwenye mikopo ya riba kali ya kausha damu ili wafikishe pointi kabla mwezi haujaisha, na yaliyowakuta hayahitaji kusimuliwa hapa. Kwahiyo mtu anayesema pata hela kwanza ndo uwekeze, huyo angalau ana utu.

Ila tuangalie hiyo hela ya linki inapatikanaje, maana wanaoifundisha wanaipita haraka haraka kama vile inadondoka yenyewe. Mi natangaza kwa linki, ni sehemu ya kula yangu, so naongea ninachokiona. Chukua Amazon, duka la mtandaoni la Marekani ambalo kila mtu analitaja, mpango wao upo tangu 1996. Kamisheni inategemea aina ya bidhaa, na wanaibadilisha wakitaka. Aprili 2020 walishusha ya fenicha kutoka asilimia 8 mpaka 3, watu waliokuwa wamejenga tovuti nzima za makochi na vitanda wakaamka wamekatwa zaidi ya nusu. Mtu akibonyeza linki yako una saa 24 tu, akienda kulala akarudi keshokutwa kununua, wewe huna chako, labda awe alishaiweka kwenye kikapu. Na ukijiunga upya usipofikisha mauzo 3 ndani ya siku 180 akaunti wanaifunga. Sasa tuseme unauza kitu cha dola 100 kwa asilimia 3, hiyo ni dola 3, kwa dola ya shilingi 2,500 ni 7,500. Kama aplaini, yule aliyekuunga chini yake, anataka ununue bidhaa za 150,000 kila mwezi, unahitaji mauzo 20 ya namna hiyo kila mwezi ili tu ubaki "aktivu", hujala, hujalipa bando. Na wanunuzi wenyewe wengi wako Marekani na Ulaya, maana kwa mtu wa Gongo la Mboto gharama ya kusafirisha inaweza kuzidi bei ya kitu, kwahiyo inabidi uandike kwa Kiingereza na ushindane na Wamarekani wanaofanya kazi hiyo kutwa nzima. Alafu kwenye mipango mingine ya linki kuna kuipata hela yenyewe, huku Tanzania PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, tumezoea kulipia tu, kupokea ni shida, inabidi upitie huduma nyingine kama Payoneer na njia za kuzunguka, wenzetu Kenya tangu 2018 wanaitoa mpaka kwenye M-Pesa.

Kwa hapa nyumbani linki inayofanya kazi ni ile isiyo na linki. Nenda Kariakoo uwaone mawinga. Kijana hana duka, hana mzigo, anapiga picha viatu vya duka la mtu, anaweka status, mteja akiulizia bei anaongeza cha juu chake, mteja akilipa anachukua mzigo dukani anampa bodaboda. Hiyo ni biashara ya kamisheni kamili, na imekuwepo kabla hatujaanza kuitafutia majina makubwa, na wapo wanaosomesha watoto kwa hiyo hiyo. Mtu wetu hanunui kwa kubonyeza, ananunua kwa kupiga simu na kuuliza "mpo wapi, nikija nitaikuta?"

Na lingine halisemwi kwenye semina. Kamisheni zinazolipa vizuri kweli kweli huku kwetu ni za kubeti na za madalali wa forex, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Unapewa namba yako ya utambulisho, mtu akijisajili nayo wewe unalipwa, na kwenye baadhi ya mipango ya kubeti unalipwa sehemu ya kile alichopoteza. Yaani mwenzio akiliwa ndo wewe unapata. Mtu akiambiwa tafuta hela ya linki haraka ili ufikishe pointi mwisho wa mwezi, unadhani atakimbilia wapi, kwenye makochi ya Amazon ya dola 3?

Sasa tuseme umefanikiwa, umekuwa winga mzuri au unaandika vizuri na hela inaingia laki mbili, laki tatu kwa mwezi. Hapo ndo mimi swali langu linaanza. Hiyo hela imetoka kwa mtu usiyemjua, ambaye hajaahidiwa utajiri, alitaka kiatu akapata kiatu. Ni hela safi ya mteja. Kwanini uichukue ukanunue dawa za meno na vidonge vya aloe ambavyo hakuna aliyekuagiza, ili kwenye mfumo ionekane umeuza? Nimeona vyumba vya watu wamepanga maboksi mpaka juu ya kabati, na kila mwezi aplaini anawapongeza kwenye grupu kwa "mauzo". Kama bidhaa ingekuwa inatoka, ingejilipia yenyewe, usingehitaji kamisheni ya viatu kuibeba. Huo ufadhili unachofanya ni kuficha kwamba wateja hawapo, na unaficha kwa muda mrefu zaidi kuliko mkopo, kwa sababu mkopo ungekuumiza mapema ukaacha. Mwenye hela ya linki haumii, anaendelea mwaka, miaka miwili, kila mwezi ile laki na nusu inaondoka kimya kimya kwenda juu.

Mtaniambia hizi kampuni ni halali na zimesajiliwa, sawa, sijasema zote ni upatu. Kwenye DECI ya 2009, ule mradi wa upatu, watu walikuwa "wanapanda mbegu" wakisubiri kuvuna, hakuna hata sabuni iliyouzwa, na upatu wa namna ile Kanuni ya Adhabu inaukataza wazi. Biashara ya mtandao yenye bidhaa ni kitu kingine. Lakini bidhaa kuwepo hakutoshi, na hili wenzetu wa Marekani wamelipigania miaka mingi. Mwaka 1979 tume yao ya biashara, FTC, iliiachia Amway, kampuni kubwa ya biashara ya mtandao, kwa sababu ilikuwa na sheria zake za ndani, msambazaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo aliochukua, aonyeshe wateja 10 wa rejareja kwa mwezi, na anayeacha mzigo wake urudishwe kwa hela. Mwaka 2015 FTC hiyo hiyo ikaipeleka Vemma mahakamani, kampuni ya vinywaji iliyokuwa inawavuta wanafunzi wa vyuo waanze na dola 600 alafu wanunue za dola 150 kila mwezi ili wastahili bonasi. Mnaona, ni mtindo ule ule wa laki na nusu yetu, umevaa dola. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni ya virutubisho, ikakubali kulipa dola milioni 200 na kupanga upya malipo yake ili yategemee mauzo ya rejareja yanayothibitika. Na Septemba 2024 FTC wakatoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii, wakakuta kwenye nyingi watu walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, na hiyo mara nyingi bila kutoa gharama zao.

Sasa mtu apate dola 1,000 kwa mwaka mzima huku amenunua bidhaa za dola 60 kila mwezi, toa 720, baki na 280, toa bando, nauli na kiingilio cha semina. Winga mzembe Kariakoo anaipita hiyo.

Kama bado mtu anataka kuchanganya hizi mbili, na najua wapo watakaochanganya tu, basi mi ningemwambia hivi, laini ya kupokelea kamisheni iwe yake na ya biashara ya mtandao iwe yake, hela isihame kutoka huku kwenda kule ila pale mteja wa nje ameshalipia bidhaa, tena kamili siyo kwa ahadi. Na tafadhali asiwaunge wateja wake wa linki. Hili linaniuma kuliko yote. Mtu umemuuzia simu nzuri akakuamini, wiki inayofuata unamwalika "kwenye fursa", mara mbili tatu tu, hata picha zako haangalii tena, na hapo umepoteza vyote viwili. Nawajua mawinga wazuri waliopotea sokoni kwa staili hiyo, wateja wanawa-mute.

Ombi langu kwa Tume ya Ushindani ni moja. Kila kampuni ya biashara ya mtandao inayofanya kazi nchini itoe kila mwaka, kwa Kiswahili, wanachama ni wangapi, yule wa katikati wakipangwa kwa kipato anapata shilingi ngapi baada ya manunuzi yake mwenyewe, na mauzo kwa watu wasio wanachama ni asilimia ngapi. Karatasi moja tu, ibandikwe mlangoni pa ofisi na isomwe kabla mtu hajajaza fomu. Kampuni yenye wateja haitaona shida yoyote, itaitumia kama tangazo.

Na nyie wahariri, siku mkimleta tena "kocha wa fursa" kwenye kurasa zenu za biashara na picha ya gari nyuma yake, mwombeni aje na risiti za mwezi mmoja, majina ayafute sina neno, alafu mhesabu wangapi kati ya walionunua hawana namba ya uanachama.

Msomaji wenu,
Mwenge, Dar es Salaam