Simu zirudi mfukoni tukiwa kwenye maji ya msituni

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na mnivumilie kama nitaongea sana maana hili jambo limenikaa kooni. Juzi kwenye kurasa zenu za safari mmeweka picha kubwa ya kijana amembeba slothi kifuani, yule mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini ambaye kinyonga ni mkimbiaji mbele yake, chini mkaandika eti mnyama naye anatabasamu. Hapana jamani. Slothi sura yake ndivyo ilivyoumbwa, hata akiwa na hofu ya kufa mdomo umekaa hivyo hivyo. Anakula majani ambayo hayampi nguvu, chakula kinakaa tumboni siku na siku, kushuka chini ya mti ni kama mara moja kwa wiki akajisaidie basi anarudi juu, sasa mnyama wa hivyo ukimbandua tawini akatulia mikononi mwako usidhani amekupenda, hana mbio za kukukimbia.

Nasema haya kwa sababu sisi tulienda huko na kosa tulilifanya wenyewe kabla hatujafunzwa. Mwezi wa 8 mimi, mume wangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike 8, tulikaa siku nne Tortuguero, Costa Rica, upande wa bahari ya Karibi. Jina lenyewe linatokana na kasa. Barabara haifiki, unaingia kwa boti au kindege kidogo, halafu ukishafika ni maji tu, mito, mabwawa ya asili na mifereji mingine ambayo watu waliichimba kuyaunganisha. Mvua kule inapita milimita 5,000 kwa mwaka, nguo hazikauki viatu havikauki, na msitu umeshuka mpaka majini, yaani ukingo wa mto huuoni unaona majani na mizizi imening'inia tu.

Siku ya kwanza tulipanda boti kubwa, watu kama 20, injini nyuma inaunguruma huwezi kusikia hata mtoto aliyekaa mapajani. Wenye boti sitawataja, sijaja kumharibia mtu riziki. Lakini ile safari nzima ilikuwa kukimbizana. Nahodha akipigiwa simu kwamba mwenzake ameona kitu mbele anakata kona pale pale, mawimbi yanapanda ukingoni yanazoa udongo, tukifika kila mtu amesimama simu juu, dakika mbili, haya twende. Ndege mbizi nilimwona mara tatu siku hiyo na mara zote tatu alikuwa anaruka kuondoka. Nikaja kuelewa baadaye kwamba mbizi manyoya yake yanashika maji tofauti na bata, ndiyo maana anazama vizuri kufuata samaki, na ndiyo maana akitoka lazima akae juani ametanua mbawa akauke. Sasa ukimrusha kila baada ya nusu saa atakauka lini?

Halafu tukamkuta kaimani, jamaa yake mamba ila mdogo, amelala kwenye gogo. Ametulia kabisa, mdomo wazi kidogo. Abiria mmoja akasema hafai kwenye picha anaonekana kama sanamu, nahodha akachukua kasia akamgusa mkiani. Hakusogea. Akamgusa tena, safari hii kwa nguvu, yule mnyama akajipinda akajitupa majini, watu wakashangilia, na mtu akamrushia kipande cha kuku arudi juu. Binti yangu akanivuta mkono, "Mama, kwani alikuwa amefanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika simu, nilikuwa narekodi, hiyo video ninayo mpaka leo na sauti yake imo.

Usiku tukaongea na mume wangu tukaamua hatupandi tena ile boti. Kesho yake alfajiri tukapata mzee mmoja mwenyeji ana mtumbwi wa makasia, tunatosha sisi wanne na yeye. Kabla hatujaingia akatufunga watoto majaketi ya kuokolea akavuta kamba mwenyewe kuhakikisha, akasema neno moja tu kwamba leo tutaona vichache. Na kweli kwa kuhesabu ni vichache! Lakini mhariri, hicho kichache ningependa kila mzazi akione.

Tuliingia kwenye kimfereji chembamba matawi yamekutana juu, mzee akainua kasia akaliweka magotini, ukawa unasikia matone yanadondoka kutoka kwenye lile kasia, to, to, to, na hakuna kingine. Dakika 10 labda. Mtoto wangu wa kiume ambaye nyumbani hawezi kukaa bila kugusagusa kitu alikaa kimya. Kwanza tukasikia kima wale wanaonguruma, kwa mbali, sauti yao inasafiri kilomita kadhaa, usipojua utasema ni simba. Halafu mbizi akatoka majini, akapanda kwenye tawi hatua chache kutoka tulipo, akatanua mbawa akazianika. Hakuruka. Alikuwa anatugeuzia shingo huku na huku, matone yanamtoka kwenye ncha za manyoya, na jua lilipopenya mgongo wake mweusi ukaonyesha mistari ya kifedha. Tulikaa naye mpaka mzee akaamua tumwache.

Yule mjusi wa kijani mwenye shungi, basiliski, wenyeji wanamwita mjusi wa Yesu Kristo kwa sababu anakimbia juu ya maji, aliyemwona kwanza ni binti yangu. Mdogo kama kiganja. Mzee akamweleza kwa upole kwamba wadogo ndio wanaoweza vizuri zaidi kwa kuwa ni wepesi, wakubwa huzama mapema. Akamwambia pia hatutamtisha ili akimbie, akitaka atakimbia mwenyewe. Tukasubiri. Hakukimbia. Binti yangu hakulalamika hata kidogo, na hapo ndipo nikajua kwamba tatizo siku ile ya boti halikuwa watoto, watoto walikuwa na subira, sisi watu wazima ndio tulitaka sinema.

Sasa niwaambie kitu ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike. Pale pale Tortuguero usiku ni nchi nyingine. Kati ya Julai na Oktoba kasa wa kijani wanapanda ufukweni kutaga, na kuwaona lazima uwe na kiongozi mwenye kibali, kwa zamu, sisi tulipewa ya saa mbili mpaka saa nne. Kamera hapana. Simu hapana. Tochi hapana, kiongozi peke yake ndiye ana taa nyekundu, na hamsogei mpaka kasa ameshachimba shimo na ameanza kutaga maana kabla ya hapo akishtuka anarudi baharini. Watu wote tuliokuwepo tulitii, hata wale wale niliowaona kwenye boti jana yake. Tulipiga magoti nyuma yake tukaona mayai yanadondoka mawilimawili, meupe, yamelowa, yanakaribia 100 au zaidi kwa shimo moja, na yeye anavuta pumzi ndefu nzito kama mtu aliyebeba mzigo. Hakuna aliyesema hela yake imepotea kwa kuwa hana picha.

Mzee wa mtumbwi alituambia baba yake alikuwa kwenye kazi ya kuwageuza kasa kichali ufukweni wasubiri kuchukuliwa kwenda kuuzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kijiji. Miaka ya 1950 akaja mtafiti Mmarekani, Archie Carr, akaanza kuwahesabu na kuwawekea alama, mwaka 1959 likaundwa shirika la kuwalinda, mwaka 1975 ikawa hifadhi ya taifa kisheria, na leo watoto wa wale wale wawindaji ndio wanaotembeza wageni usiku. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sheria kali zinafukuza watalii au zinawanyima wenyeji kula, kijiji kizima kinaishi kwa hizo sheria!

Basi swali langu ni dogo. Kama usiku ufukweni tunaweza kuacha simu, mchana kwenye mifereji inashindikana nini? Serikali ya Costa Rica yenyewe mwaka 2019 ilianzisha kampeni ya kuwasihi wageni waache kujipiga picha wamewashika wanyama pori. Ila nahodha anayemchokoza kaimani anafanya hivyo kwa sababu abiria wanapiga makofi na wanaacha bakshishi, na abiria wanapiga makofi kwa sababu walishaona picha kama ile yenu wakadhani ndivyo inavyotakiwa. Wamo humo nguva pia, wale wanyama wakubwa wa majini wanaoingia mpaka mitoni, mzee anasema anapitisha miezi bila kuona hata pua, na wengine wana makovu ya mapanga ya injini mgongoni.

Mzazi unayepanga safari kama hii, iwe huko au kwenye mto wowote wa msituni, uliza kabla hujalipa: boti ina watu wangapi, injini inazimwa au haizimwi, na mnalisha wanyama? Wakikujibu tutawasogeza karibu na mnyama mpaka mmguse, tafuta wengine. Na mtoto avae jaketi la kuokolea muda wote, hata maji yakiwa yametulia vipi, hayo maji ni meusi na ndani kuna kaimani.

Na wewe mhariri nakuomba zile picha za watu wamewabeba wanyama pori usizichapishe tena. Kwa kuwa sina picha ya kasa naambatanisha mchoro alioufanya binti yangu tulivyorudi chumbani usiku ule, kwa penseli, na taa nyekundu ya kiongozi aliichora pia, na mayai yanaonekana kupitia kwenye mchanga. Nafasi ikipatikana kwenye ukurasa wa watoto atafurahi sana.

Mama wa watoto wawili,
msomaji wenu wa kila wiki