Mkataba Ulisainiwa, Mbona Maua Yako Yakatozwa Ushuru Uingereza?

Lalamiko lililotufikia mara nyingi zaidi katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Nairobi ni la mkulima aliyemuuzia maua mnunuzi wa Uingereza, wakakubaliana bei, kisha malipo yakaja yamekatwa asilimia 8 kwa jina la ushuru. Mmoja aliyetujia nalo ni mzee wa Naivasha ambaye tumemhudumia kwa miaka mingi. Aliweka ankara mezani akauliza: "Wanangu, serikali si ilisaini mkataba na Waingereza? Nyinyi mlinitoza pesa za karatasi, na kule nimetozwa tena. Nani amekula pesa yangu?" Swali lake ni la haki, na jibu lake halimhusu yeye peke yake, kwa hiyo tumeona tuliandike.

Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya haikuwa na ruhusa ya kufanya mkataba wake yenyewe wa biashara na nchi ya nje, kwani kazi hiyo hufanywa na Brussels, makao makuu ya Umoja huo, kwa niaba ya wanachama wote. Waingereza walipiga kura ya kutoka tarehe 23 Juni 2016, taarifa rasmi ya kujitoa ikapelekwa tarehe 29 Machi 2017, lakini nchi haikutoka hadi tarehe 31 Januari 2020. Hata baada ya hapo kilifuata kipindi cha mpito hadi 31 Desemba mwaka huo, ambapo iliruhusiwa kujadiliana na kusaini mikataba mipya ila si kuanza kuitumia. Ndiyo maana mkataba wa Kenya ulisainiwa London tarehe 8 Desemba 2020, mwisho wa mwaka ukiwa umekaribia kabisa, na ukaanza kutumika rasmi Machi 2021 baada ya Bunge letu kuuridhia.

Wapo walioilaumu Kenya kwa kujadiliana peke yake ilhali imo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Sisi tulioishi na mizigo hatukushangaa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huhesabiwa kuwa nchi zenye maendeleo duni, na bidhaa zao huingia Uingereza bila ushuru, mkataba uwepo au usiwepo. Kenya haimo katika kundi hilo. Tena tulikuwa tumeshaonja uchungu wake: Oktoba 2014, mazungumzo kati ya Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya yalipopitiliza muda uliowekwa, bidhaa za Kenya ziliondolewa kwenye orodha ya msamaha na ushuru ukarudi hadi mwishoni mwa Desemba. Tunakumbuka wateja waliokuja na hesabu za hasara kila baada ya ndege kuondoka, na wengine waliopunguza vibarua kabla ya Krismasi. Mtu aliyepitia miezi ile hawezi kuilaumu serikali kwa kuharakisha mwaka 2020.

Hata hivyo, haraka hiyo iliacha pengo, na humo ndimo pesa za mzee wetu zilimopotelea. Kenya ilisaini tarehe 8 Desemba, lakini Uingereza yenyewe haikufikia makubaliano yake na Umoja wa Ulaya hadi tarehe 24 Desemba. Kwa maneno mengine, tulipatana na nchi ambayo ilikuwa bado haijui itaishi vipi na majirani zake. Mkataba wetu unahusu mzigo unaotoka Kenya kwenda Uingereza, na ule wa London na Brussels unasamehe ushuru kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya. Ua lililokuzwa Naivasha, likaingizwa Uholanzi, likauzwa kwenye mnada wa Aalsmeer na ndipo likavushwa kwenda Uingereza, halilindwi na mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Kabla ya mwaka 2021 jambo hili halikuwa na uzito, kwa sababu mzigo ukishalipiwa na kutolewa Schiphol, uwanja wa ndege wa Uholanzi, ulikuwa huru kufika London kama unavyofika Rotterdam.

Njia ya mkato ambayo wateja wengi hujaribu ni hiyo hiyo ya zamani. Maua yote hupakiwa kwa karatasi moja ya kwenda Uholanzi, kwa kuwa ndege za huko ni nyingi na nauli ni nafuu, na wakala wa huko huambiwa ayagawe baadaye. Nauli inayookolewa huonekana mara moja, lakini ushuru huonekana wiki kadhaa baadaye. Shehena ya pauni 20,000 ikitozwa asilimia 8 ni pauni 1,600, na kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza huhesabiwa juu ya jumla hiyo. Mzee wetu alituagiza tuandae karatasi za Uholanzi, tukaandaa karatasi za Uholanzi, na zilikuwa sahihi. Kwamba nusu ya maua ingeishia Birmingham hatukuambiwa.

Njia halali zipo mbili. Ya kwanza ni kupeleka mzigo moja kwa moja Uingereza. Ya pili ni kuupitisha Uholanzi chini ya ulinzi wa forodha bila kuuingiza katika soko la huko, ukiwa na uthibitisho wa asili, yaani hati inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, ulioandaliwa kwa ajili ya Uingereza tangu hapa Nairobi. Njia ya pili hudai mpango wa mapema na wakala makini upande wa pili, na hapo ndipo ada yetu inapoulizwa.

Wapo mawakala wanaotoza nusu ya ada yetu, na hatuwakatazi wateja kwenda kwao. Sisi, kabla ya kuwasilisha EUR.1, ambayo ndiyo hati ya uthibitisho wa asili, kwa forodha ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), hulinganisha uzito kwenye ankara, kwenye orodha ya upakiaji na kwenye hati ya shehena ya ndege, kisha tukahakikisha kwamba idadi ya masanduku ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea. Kwenye fomu yenyewe, chini ya bidhaa ya mwisho hupigwa mstari wa kulala, na nafasi iliyobaki wazi hukatwa ili mtu asiweze kuongeza kitu baadaye. Afisa akiona nafasi wazi ana haki ya kuikataa hati. Inawezekana kuomba hati itolewe baada ya mzigo kuondoka, na mnunuzi akadai kurejeshewa ushuru, lakini wanunuzi wengi wakubwa hawataki usumbufu huo, hivyo hukata pesa kwa mkulima na kuendelea na kazi zao.

Jambo lingine linalotuudhi ni la maparachichi. Mfanyabiashara mmoja alitaka tumwandikie asili ya Kenya kwa kontena lililochanganya matunda ya Murang'a na ya Njombe, Tanzania, eti yote yamefungashwa Kenya. Tulikataa, akakasirika, akatafuta wakala mwingine. Kuosha, kuchagua na kufungasha hakubadilishi asili ya tunda. La kusikitisha ni kwamba parachichi la Njombe lingeingia Uingereza bila ushuru kwa karatasi zake halali za Tanzania, na udanganyifu ule haukuwa na faida yoyote. Forodha ya Uingereza inaweza kuomba hati zihakikiwe muda mrefu baada ya tunda kuliwa, na ndiyo maana kumbukumbu za kila shehena tunazihifadhi kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Aprili 2024 Uingereza ilisimamisha ushuru wa maua yaliyokatwa kutoka nchi zote, na ilipotangaza iliweka ukomo wa tarehe 30 Juni 2026. Nafuu hiyo iliwafaa hasa wanaopitia nchi ya tatu, na ghafla tukaanza kuambiwa kwamba EUR.1 haina kazi tena. Hatukubaliani na hilo. Nafuu hiyo ilitolewa na upande mmoja kwa hiari yake, haigusi mishiri wala njegere, na mteja aliyeacha kuweka kumbukumbu za shamba huhangaika kuzikusanya upya siku zinapohitajika.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 Kenya ina mkataba wake na Umoja wa Ulaya pia, kwa hiyo milango ni miwili na kila mmoja una uthibitisho wake wa asili. Wa mmoja haufungui mwingine. Tunachoomba kwa kila mteja ni kutuandikia, kabla ya maua kutoka kwenye chumba cha baridi cha shamba, ni masanduku mangapi yatabaki bara la Ulaya na ni mangapi yatavuka kwenda Uingereza, pamoja na jina la mnunuzi wa mwisho. Shehena ikihitaji kugawanywa, tutaigawa hapa Nairobi, kwa seti mbili za karatasi, na ada ya seti ya pili itaonyeshwa kwenye ankara kabla hatujaanza kazi.