Saa za kazi za mabawabu zipunguzwe

Mhariri,

Ufaransa ilishusha wiki ya kazi hadi saa 35 mwaka 2000. Chile nayo ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kutoka saa 45 hadi 40, hatua kwa hatua, ifikapo 2028. Hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara inaruhusu saa 52 kwa siku sita, na 60 kwa kazi ya usiku, ilhali mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka saa 48 viwandani.

Na hizo zetu zenyewe ni za kwenye karatasi. Bawabu wa jengo tunaloishi hapa Nyali huingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Hizo ni saa 72! Ongeza matatu hadi feri, msongamano wa Likoni, kisha matatu nyingine. Akifika kwake watoto washaenda shule. Pesa za ovataimu hazioni.

Maafisa wa leba waje malangoni usiku, wakague madaftari ya zamu. Nasi tunaolindwa tukubali kuchangia bawabu wa tatu, zamu ziwe za saa nane.

Mkazi wa Nyali,
Mombasa